Kulala chini, kando ya Lofoi

Hema lilitoka soko la Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza mitumba, katikati ya mapazia na makoti ya baridi. Mume wangu alipenda fito zake, nyepesi, zinazokunjika na kuingia mfukoni. Mimi jambo la kwanza nililofanya tulipofika nyumbani ni kuligeuza, ndani likawa nje, nikaanza kusoma mishono. Nimekaa kwenye cherehani miaka kumi na tisa hapa Katuba, mtaa wetu. Nguo ikifika mkononi mwangu siangalii rangi, naangalia pale vitambaa viwili vinapokutana, maana hapo ndipo itakapochanika. Hema lile lilikuwa limeshonwa na mtu anayeijua kazi: pindo la kukunja mara mbili, mshono wa karibu karibu, hakuna uzi uliolegea. Nikalikunja nikasema hili halina shida.

Na kweli, shida ya usiku wetu wa kwanza haikutoka kwenye hema. Ilitoka kwenye ardhi tuliyolisimamisha. Imenichukua safari tatu kwenye mto uleule wa Lofoi kulielewa jambo hilo. Watu wa barabara yetu wakisikia tunakwenda kulala porini huniuliza habari za hema: bei gani, la watu wangapi, linazuia mvua? Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza tulilisimamisha wapi.

Wazo lilikuwa la binti yangu, wakati ule ana miaka kumi na miwili. Shuleni walikuwa wamesoma habari za Mbuga ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, na maporomoko ya Lofoi, ambako mto unaacha uwanda wa juu na kuanguka zaidi ya mita 300 hadi bondeni, kabla ya kwenda kujiunga na Lufira. Akaniuliza: "Mama, si ni hapa kwetu Katanga? Mbona hakuna mtu tunayemjua aliyeyaona?" Nilitafuta jibu, sikulipata. Shemeji yangu ana gari aina ya jipu, la zamani lakini zima. Tukachagua sikukuu ya uhuru, 30 Juni, tukafunga unga, ndagala (dagaa), makayabu (samaki wa chumvi), sufuria mbili, magodoro ya sponji, bidoni za maji, na hema.

Barabara yenyewe ni somo. Ukitoka Lubumbashi, mwanzoni hakuna msitu, kuna vichaka vinavyojaribu kuota tena na kukatwa tena. Miti iliyokuwa imeuzunguka mji huu imepikia chakula chetu. Nasema chetu kwa sababu na mimi nimo: gunia moja la makala, yaani makaa, kwangu halimalizi mwezi. Baiskeli zilikuja kutupita kwa mstari, kila moja ina magunia matatu manne yamefungwa kwa kamba za mpira, mwenyewe anasukuma kwa miguu, kifua kimelala juu ya mzigo. Wengine walikuwa vijana wa umri wa wateja wangu wanaoshonewa sare za shule. Saa nyingi baadaye ndipo miti ilianza kuwa miti. Shemeji akasimamisha gari chini ya mulombwa mmoja, mti ambao Watanzania wanauita mninga, watoto wakaukumbatia kwa mikono wakashindwa kukutana vidole. Gamba lilikuwa na jeraha la zamani, na utomvu wake mwekundu ulikuwa umekauka pale kama damu kwenye bandeji. Mwanangu wa kiume, miaka minane, akauliza kama mti unaumwa. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga, na sijuti, ila muda ule tuliulipa baadaye.

Tulipoteza muda mwingine kwa gurudumu. Tukafika kwenye kituo cha walinzi wa mbuga tumechoka, tukalipa, tukaandika majina. Mlinzi mmoja mzee, tuliyekuja kumwita Papa kama wote walivyomwita, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kilima kidogo chenye miti: "Mutalala kule juu. Kesho asubuhi nitapita kuwaona." Mwezi wa sita jua la kwetu linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na likizama giza linakuja mara moja, halisubiri. Kule juu kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Chini, kando ya mto, majani yalikuwa bado yanang'aa, mafupi, laini, sawasawa kama mtu ameyapiga pasi. Maji yako hatua kumi. Mume wangu akanitazama, nikamtazama. Tukalisimamisha hema pale chini.

Naeleza ilivyokuwa, kwa sababu najua na wengine wangefanya hivyohivyo. Mahali pale palikuwa pazuri mno. Macho yalitupeleka.

Moto nao tuliuwasha kwa haraka. Mume wangu alichukua mawe matatu kutoka majini, mviringo, yanalingana, mafiga ambayo hata mama yangu angeyasifia. Tukaweka sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu. Baada ya dakika kama ishirini, jiwe moja likapasuka. Sijui niuandike vipi ule mlio: si kama chupa, ni kama mtu amepiga ubao na nyundo sikioni mwako. Kipande kikagonga sufuria, kingine, chekundu, kikaruka na kutua kwenye paa la hema, kikaacha tundu lenye kingo nyeusi, la ukubwa wa kifungo cha shati. Hakuna aliyeumia. Mwanangu alikuwa amechuchumaa upande ule nusu dakika kabla. Jiwe lililokaa majini lina maji ndani ya nyufa zake; likipata moto maji yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa mlango unatengeneza wake. Mafiga ya kambi yachukuliwe mbali na mto, mahali pakavu. Nikisahau mengine yote ya safari ile, hilo sitalisahau.

Tukala. Kisha tukaingia kulala, na ndipo nikagundua kwamba Katuba hatuna usiku. Tuna saa za giza tu. Kuna baa upande huu, kanisa la mkesha upande ule, jenereta ya jirani, mbwa, pikipiki, na redio ya mtu ambaye hajawahi kuizima tangu nimjue. Mimi hulala ndani ya kelele ile kama samaki majini. Kule Lofoi kelele ziliondoka zote kwa pamoja, na masikio yangu yakabaki yamenyoosha mikono, yanatafuta pa kushika. Nilisikia damu yangu. Nilisikia mume wangu akimeza mate. Mto ulikuwa unasema kitu kimoja tu, bila kupumzika. Binti yangu akaninong'oneza: "Mama, kwa nini kumenyamaza hivi?" Nikamwambia hakujanyamaza, sikiliza. Tukaanza kuhesabu: maji, chura mmoja, chura mwingine mbali, jani kavu linalotembezwa na mdudu, ndege wa usiku anayeuliza swali moja. Tulifika sauti tisa. Hofu yake ikaisha kwenye ya sita.

Halafu ikaja baridi. Lubumbashi tunajua baridi ya Juni, tuko juu, kama mita 1,200, tunavaa makoti asubuhi. Lakini nyumbani unaijua baridi ikiwa imezuiwa na matofali. Pale bondeni ilishuka kutoka uwanda wa juu kama maji yanavyoshuka, ikajaa pale chini tulipo, maana hewa ya baridi ni nzito, inakwenda kukaa mahali pa chini kabisa, na mahali pa chini kabisa ndipo tulipokuwa tumelala. Magodoro ya sponji yalikandamizwa na uzito wetu yakawa kama karatasi. Tulikuwa na blanketi nne, zote tumejifunika juu, na mgongo unaganda. Tulikuwa tumefunga zipu zote tuzuie baridi. Pumzi za watu watano zikapanda, zikagusa paa, zikarudi kama matone. Saa tisa usiku shemeji akatoka kwenda kulala garini. Mwanangu alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na mguu wake nilipoushika ulikuwa kama chuma.

Nilichofanya nilikifanya kwa akili ya cherehani. Koti la baridi tunalishona na bitana; linalopasha joto si kitambaa cha nje, ni hewa iliyokamatwa katikati. Na sisi chini hatukuwa na bitana. Nikatoa nguo zote za begi, mashati, taulo, kitenge changu, nikazitandika chini yake, na blanketi mbili kati ya nne nikazikunja chini yetu sote. Nikafungua zipu ya juu kidogo, hewa ipite. Kwa dakika kumi ilionekana kama nimekosea. Baadaye meno yake yakanyamaza. Tangu siku ile sipeleki porini kitu cha kujifunika kabla sijahesabu vya kulalia.

Jua lilichomoza saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mto, na ndani ya ukungu akatokea Papa, koti lake la kazi limefungwa mpaka shingoni. Alilitazama hema, akawatazama watoto, hakugomba. Akasema tu: "Mama, munalala hapa na watoto?"

"Papa, giza lilitukuta."

"Njooni niwaonyeshe."

Akamshika mkono binti yangu, si mimi, akamsimamisha chini ya mti ulioko nyuma ya hema letu, akamwelekeza atazame juu. Kwenye uma wa matawi, juu kuliko kichwa cha mume wangu, kulikuwa na kifurushi cha majani makavu, kimeviringishwa na vijiti na kipande cha mzizi. "Nani aliweka hiki?" Binti akasema ni kiota cha ndege. Papa akamwonyesha mti wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja una kifurushi chake, vyote kwa kimo kimoja, vyote vimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. "Ndege gani anajenga kwa mstari?" Mtoto akageuka akautazama mto. Nikaona uso wake unabadilika kabla yangu kuelewa. Ni maji. Wakati wa masika mto ulikuwa umesimama pale juu, na ulipoondoka ulitundika mizigo yake.

Yale majani mafupi laini niliyoyapenda yalikuwa laini kwa sababu maji huyaoga kila mwaka. Usawa ule wa kupigwa pasi, mpiga pasi ni mafuriko.

Kisha akatupeleka hatua thelathini hivi kando, mahali ambapo ukingo umekatika. Kulikuwa na njia inayotoka majini, mifereji miwili ya kina na kituta cha majani katikati, kama barabara ya gari dogo. Mume wangu akasema labda ni gari la mbuga. Papa akasema hapana, hiyo ni njia ya kiboko: miguu ya kushoto inachimba huku, ya kulia kule, tumbo linapita juu ya katikati. Kiboko anatoka majini jioni kwenda kula nyasi na anarudi kabla ya jua, kwa njia ileile, miaka na miaka, na kitu kilichosimama kati yake na maji anakiona adui. "Njia hii haijakanyagwa siku nyingi," akasema, "lakini mimi silali kwenye njia ya mtu kwa sababu mwenyewe amesafiri." Alisema kwa upole kabisa, huku anafuta umande kwenye kofia yake.

Tukahama asubuhi ileile, na Papa akakaa nasi kuchagua. Ilichukua karibu saa nzima, na naamini saa ile imenifundisha kuliko nyingine zote. Kwanza alitazama juu, hakutazama chini. Tawi kavu lililokwama kati ya matawi mabichi ni tawi linalosubiri upepo. Tukauacha mti mmoja mzuri kwa sababu hiyo. Akazunguka kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba yangu, vile ambavyo Katanga tunavichimba udongo wa matofali na wanawake wajawazito wanakula pemba, udongo wake. Akaonyesha matundu upande wa chini, akasema kila tundu lina mwenyeji, na si kila mwenyeji ni mchwa. Tukasogea. Akatafuta siafu kwa kufuata ukingo wa njia na kijiti. Akachuchumaa, akamwaga maji kikombe kimoja kwenye udongo, akangoja aone yanakwenda upande gani. Yakatambaa polepole kuelekea mtoni, hayakusimama. "Hapa," akasema. Palikuwa na mteremko mdogo ambao jicho halikuuona. Kikombe kiliuona.

Mteremko huo ndio unaoamua kichwa kinalala wapi. Kichwa juu, miguu chini, na mlango wa hema usielekee upepo unakotoka. Tukakata nyasi ndefu zilizokauka, tukazitandaza unene wa kiganja chini ya turubai, tukalala juu yake. Usiku wa pili, mita chache tu juu ya ule wa kwanza, tulilala mpaka asubuhi. Blanketi zilezile, mwezi uleule. Asubuhi niliteremka hadi pale tulipokuwa tumelala kwanza nikakuta nyasi zimeloa umande mzito, soksi zikalowana. Juu kwetu zilikuwa kavu.

Moto pia alitupunguzia. Sisi watu wa mbabula, jiko la makaa, kuni zinatutoa akili, tunarundika. Papa alikuta mume wangu ameweka magogo manne, akauliza: "Munapikia kijiji?" Akatoa matatu. Vijiti vya unene wa kidole, vilivyoanguka vyenyewe, vinaivisha bukari ya watu watano, na sufuria haiungui. Mti uliosimama haukatwi, hata uliokufa, maana ndani yake kuna wanaoishi. Majivu tuliyamwagia maji, nikatia mkono wangu ndani, nikayachanganya na udongo, nikatia mkono tena. Ikiwa mkono hauwezi kukaa, moto haujafa.

Ya choo na maji nitayapitia upesi. Shimo la kina cha kiganja na nusu, hatua mia kutoka mtoni, kila mtu anafukia chake. Karatasi tulirudi nazo kwenye mfuko uliofungwa. Usiku wanakwenda wawili, mmoja anashika tochi na kutazama upande mwingine akiimba. Maji ya kunywa tuliyachota juu ya mkondo, tukayachuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, tukayachemsha mpaka yakatokota sawasawa. Kuoga ni kwa ndoo, mbali na ukingo, na watoto hawakuchezea vidimbwi vilivyotulia pembeni, kwa sababu ya kichocho: konokono wake wanapenda maji yasiyo na haraka.

Mwezi wa nane tulirudi. Safari ile ilikuwa nyepesi na sina mengi ya kuisimulia, isipokuwa moto wa nyasi tulioona usiku wa pili mbali juu ya uwanda, mstari mwembamba mwekundu unaotambaa kimya. Nyasi zilikuwa zimekauka mpaka zinalia ukizipita. Papa alitufanya tusafishe duara la udongo mtupu kuzunguka mafiga, hatua tatu kila upande, na hatukuacha moto peke yake hata dakika ya kwenda mtoni. Binti yangu alishinda usiku ule amekaa mlangoni mwa hema akiulinda ule mstari kwa macho. Hakuniambia kwamba anaogopa. Nilikaa naye tu, nikamfunika bega.

Safari ya tatu ilikuwa Pasaka, mwisho wa mvua. Ndugu zetu walitukataza, na sehemu yao walikuwa na haki: barabara ilitushika mara mbili, tukasukuma matope mpaka magotini. Lakini nilitaka kuyaona maporomoko yakiwa yamejaa, maana Juni maji ni kidogo, na nilitaka kulijaribu hema langu.

Nasema langu kwa sababu nilikuwa nimelifanyia kazi. Tundu la jiwe nilikuwa nimelitia kiraka cha pande mbili, kingo zimekunjwa. Mishono ya paa ilinifanya nikose usingizi. Kila tundu la sindano ni mlango wa tone. Uzi wa pamba ukilowa unavimba na kuziba tundu lake wenyewe. Uzi wa nailoni hauvimbi, unabaki mwembamba na maji yanapita kando yake. Hema letu lilikuwa la nailoni. Nikachukua mishumaa, nikaisugua kwenye kila mshono kutoka nje, nikaweka karatasi juu, nikapitisha pasi ya moto mdogo mpaka nta ikaingia kwenye matundu. Jioni tatu nzima. Kisha nikashona turubai jipya la kutandika chini, sisi tunaliita bashi, na nikalishona pana, linatokeza kiganja kizima pande zote nne za hema, ili tope lisiguse kabisa. Niliona fahari. Lilikaa chini ya hema kama kitambaa cha meza.

Tulilala palepale pa Papa, juu. Maporomoko tulikuwa tumeyaona mchana kutoka mbali, na hata kwa mbali yalikuwa yanatetemesha kifua. Moshi wa maji ulikuwa unapanda kuliko miti. Saa nne usiku mvua ikaja. Haikuanza kwa matone, ilianza yote. Nililala chali na tochi, natazama mishono yangu mmoja mmoja, kama daktari. Nusu saa. Saa moja. Kavu. Kiraka kikavu. Nikamwamsha mume wangu nimwonyeshe, na nilipoweka kiwiko chini ili niinuke, kiwiko kikaingia kwenye maji.

Maji yalikuwa yanatoka chini. Nilitoka nje na tochi na kitenge kichwani na nikaona mara moja. Ile kiganja niliyoitokeza pande zote nne ilikuwa inapokea mvua inayoteremka kwenye kuta za hema. Maji yalipaswa kushuka kwenye udongo na kufuata mteremko kwenda zake, kama yale ya kikombe. Mimi nilikuwa nimeyatandikia mkeka na kuyakaribisha ndani, kati ya bashi na sakafu ya hema, na tumeyalalia. Ardhi ilikuwa imefanya kazi yake. Nilichokishona kwa mikono yangu kiliiziba.

Tulikunja kingo zote kwa ndani, chini ya hema, mimi na binti yangu, kwa magoti, mvua inatupiga mgongoni, yeye anainua kona, mimi nasukuma. Dakika kumi hazikufika. Yaliyokuwa yameingia yakaondoka yenyewe kuelekea mtoni, na hayakurudi. Tukapangusa kwa taulo, tukarudi kulala juu ya nyasi, tumelowa na tuna joto.

Asubuhi watoto walitutangulia kushuka. Nikasikia binti yangu akiniita, si kwa hofu, kwa sauti ya mtu aliyekuta kitu chake. Mto ulikuwa umepanda. Yale majani mafupi laini hayakuwepo. Mahali tulipolala usiku wa kwanza, ambapo mwanangu alikuwa ametetemeka, palikuwa ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi, yamebeba povu na matawi. Ule mti wa kiota ulikuwa umesimama majini mpaka kifuani. Na kwenye uma wa matawi yake ya chini, mbele ya macho yetu, maji yalikuwa yanasukuma rundo la majani mabichi, yanalikandamiza, yanaliviringisha, yanalifunga na kijiti. Mwanangu akasema: "Anajenga." Tulisimama pale wote hadi Papa akaja, akasimama nasi, hakusema neno.

Nyumbani nilianika bashi kwenye kamba siku mbili. Siku ya tatu nikalitandaza sakafuni, nikachukua mkasi mkubwa wa suti. Binti yangu alishika upande wa pili, akalivuta liwe sawa.

"Tunapunguza kiasi gani, mama?"

"Lile pindo lote, na kiganja kimoja zaidi, liishie ndani ya hema."

"Kiganja chako au changu?"

Niliweka mkono wangu kando ya wake kwenye ukingo wa kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimenifikia. Nikampa chaki, akaanza kupima.